Programu ya Hesabu Ikigoma: Kabla Hujabonyeza Rebuild

Simu iliingia tarehe 18 jioni, siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT. Aliyepiga ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, binti makini ambaye hesabu zake nazifahamu kwa miaka kadhaa.

“Shikamoo fundi. QuickBooks imegoma. Nilikuwa natoa ripoti ya mauzo ya mwezi uliopita, ikajifunga. Sasa hata kufunguka haifiki mwisho.”

“Marahaba. Umeshafanya nini mpaka sasa?”

“Nimefanya Rebuild mara tatu.”

Nilimwomba aondoe mkono kwenye kipanya na asiguse kitu mpaka nifike. Rebuild, amri ya QuickBooks ya kujaribu kukarabati faili, ina kazi yake na nitaieleza. Lakini yeye aliifanya juu ya faili lenyewe la duka, kabla hajajua tatizo liko wapi. Halafu bekapu ambayo QuickBooks hudai kabla ya kila Rebuild aliihifadhi kwa jina lilelile mara zote tatu, ya pili ikafuta ya kwanza, ya tatu ikafuta ya pili. Nakala ya hali ya faili kabla halijaguswa ikawa imetoweka. Katika kazi hii nimeona umeme ukiharibu mafaili mengi, lakini nimeona mengi zaidi yakimaliziwa na saa ya kwanza ya hofu, mtu anapobonyeza kila anachokiona.

Kwanza nakili, tena nakili folda nzima

Kabla ya jaribio lolote, watu wote wafunge programu kwenye kompyuta zote. Kisha nenda kwenye mashine kuu, ile inayotunza faili, ufungue orodha ya huduma za Windows na usimamishe huduma inayoanza na jina QuickBooksDB. Namba inayofuata hutegemea toleo: la 2021 ni 31, la 2024 ni 34. Huduma hiyo ikiwa hai, faili bado limeshikwa, na nakala utakayoichukua inaweza kuwa ya kitu kilichokuwa katikati ya kuandikwa.

Sasa nakili folda nzima kwenda diski nyingine. Watu wengi hunakili faili lenye kiishio .QBW peke yake kwa sababu ndilo kubwa na ndilo wanalolifahamu. Pembeni yake kuna la pili, jina lilelile lenye kiishio .TLG. Hili ni daftari la miamala, na humo huandikwa kila badiliko lililofanyika tangu bekapu ya mwisho iliyofanyiwa uhakiki kamili. Nimeona mafundi wakilifuta ili “kupunguza uzito”. Ni kosa kubwa, kwa sababu siku ambayo .QBW imevunjika, .TLG inaweza kuwa ndiyo pekee inayojua ulichoingiza wiki hii. La tatu, .ND, ni dogo sana, na kazi yake ni kuzionyesha kompyuta nyingine seva ilipo. Hilo likiharibika halina madhara, maana hutengenezwa upya. Kwa hiyo ukisikia ushauri wa “badilisha jina la .ND na .TLG kisha fungua tena”, ushauri huo ni halali, lakini utakuwa salama tu kama nakala ya folda nzima iko kwenye diski nyingine, na diski hiyo umeshaichomoa kwenye mashine.

Kugoma ni jambo moja, kuharibika ni jingine

Programu ikijifunga, watuhumiwa ni watatu: programu yenyewe pamoja na Windows inayoibeba, njia ya kulifikia faili, na faili. Dalili za wote watatu kwenye skrini zinafanana mno, ndiyo maana watu hukimbilia kutibu faili ambalo ni zima kabisa. Kuwatenganisha kunachukua kama robo saa.

Anza kwa kushikilia kitufe cha Ctrl huku ukibofya mara mbili alama ya QuickBooks, na usikiachie mpaka dirisha litokee. Programu itafunguka bila kuita faili la kampuni. Ikianguka hata hapo, acha kulishuku faili. Programu haijaligusa bado. Tatizo ni la programu au Windows: kiraka cha sasisho kilichokatika njiani, vifaa vya .NET vilivyoharibika, au antivairasi iliyokamata kipande cha programu na kukitia karantini.

Ikifunguka vizuri, fungua faili la mfano linalokuja na programu yenyewe, kampuni ya kujifunzia. Likifanya kazi bila shida, programu imejitetea. Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: chukua nakala ya faili lako, iweke kwenye Desktop ya mashine kuu, uifungue hapohapo. Ikifunguka na kufanya kazi sawasawa, data yako ni nzima na mgonjwa ni njia. Huenda folda imebadilishwa ruhusa, kebo ya mtandao imechakaa, au kompyuta mbili zinagombea kuwa seva. Ikianguka vilevile, na faili la mfano halianguki, ndipo unapokuwa na haki ya kusema faili limeharibika.

Ugomvi wa seva unastahili maelezo kidogo, kwa sababu nimeukuta katika maduka mengi yenye kompyuta tatu au nne. Ujumbe unaotoka ni H202, au -6000 ikifuatiwa na -82. Nenda kwenye kila kompyuta ya karani, fungua menyu ya File kisha Utilities, usome mstari unaohusu hosting, yaani kompyuta kujifanya seva ya faili. Ukisomeka “Host Multi-User Access”, kompyuta hiyo haijifanyi seva, iache. Ukisomeka “Stop Hosting Multi-User Access”, inajifanya seva, na ni lazima uubofye huo mstari kuizima. Maneno hayo hukanganya kwa sababu yanaeleza kitakachotokea ukibofya, hayaelezi hali iliyopo. Mashine moja tu ndiyo inayotakiwa kubaki na neno “Stop”, nayo ni ile yenye faili.

Na tafadhali, faili linalotumika kila siku lisikae ndani ya folda ya Dropbox au OneDrive. Programu inaandika, huku folda nayo inalinyakua faili kulipeleka mtandaoni. Wenye mashine mbili hupata nakala mbili zinazopishana, na hakuna anayejua ipi ni ya kweli.

Ndani ya faili kuna nini hasa

Tangu matoleo ya 2006, QuickBooks ya kwenye kompyuta hutunza data katika hifadhidata inayoendeshwa na injini ya SQL Anywhere. Sahau sura ya jedwali la Excel. Ndani yake kuna kurasa nyingi ndogo, na kila ukurasa una anwani ya ukurasa unaohusiana nao.

Chukua mauzo ya mabati 24 kwa mteja mmoja. Kwako ni ankara moja. Kwa programu ni kazi nyingi kwa mpigo: deni la mteja linapanda, stoo inapungua mabati 24, akaunti ya mauzo inaongezeka, VAT inayodaiwa inaongezeka, gharama ya bidhaa inaandikwa, na faharasa zote zinazoonyesha ankara hiyo ilipo zinarekebishwa. Ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Umeme ukikatika wakati shanga nne zimepita na mbili bado, uzi unabaki umekatikia hapo. Shanga zote zaweza kuwa zipo sakafuni, hakuna iliyopotea, ila hakuna tena anayejua ipi inafuata ipi. Hifadhidata ina ulinzi dhidi ya hali hii, kwa kuandika kwanza kwenye logi kile inachokusudia kufanya, ili ikiamka ijue pa kuendelea. Ulinzi huo unategemea diski iseme kweli kwamba imeandika. Diski inayokufa, au inayoshikilia data kwenye kumbukumbu ya muda na kujibu “tayari” mapema, huuvunja.

Kuna jambo hapa ambalo mwenye duka lazima alijue. Ukurasa ulioharibika hukaa kimya. Programu itaendelea kufunguka, utaendelea kuuza, wiki zitapita, mpaka siku mtu atakapoita ripoti inayopita kwenye ukurasa ule. Ndiyo sababu mafaili mengi “huharibika” wakati wa kufunga mwezi au mwaka, ilhali yaliharibika zamani. Na ndiyo sababu bekapu ya jana inaweza kuwa na ugonjwa uleule.

Windows huweka kumbukumbu ya hayo. Fungua Event Viewer, upande wa System, utafute tukio namba 41 la Kernel-Power. Maana yake mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Tafuta pia namba 7 la disk, linalosema diski ina eneo bovu. Ukilikuta hilo la pili, usikimbilie kuendesha chkdsk, chombo cha Windows cha kukagua diski. Toa data kwanza, maana kuipa diski mgonjwa kazi nzito ya kujikagua kunaweza kuwa ndiyo safari yake ya mwisho.

Duka la yule binti lilikuwa na tukio namba 41 la tarehe 26 ya mwezi uliopita, saa 5:47 asubuhi. Nilipomuuliza alikumbuka kwamba umeme ulikatika kidogo ukarudi, nao wakaendelea na kazi. Chini ya meza UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuwepo, taa yake ya kijani inawaka, lakini betri ilishakufa. Nilichomoa waya wake ukutani kuijaribu, skrini ikazima papo hapo.

Rebuild inafanya nini, na inachukua nini

Chombo cha kwanza ni Verify Data, kwenye File, Utilities. Hiki husoma tu, hakibadilishi kitu, na hutoa jibu kwamba data ni salama au imepoteza uadilifu. Wengi huishia kwenye jibu hilo. Nenda mbele kidogo: bonyeza F2, kisha F3, chagua Open File, ufungue QBWIN.LOG. Shuka mpaka mwisho, utafute mistari yenye LVL_ERROR. Mara nyingi mstari hutaja aina ya muamala, tarehe na namba yake. Ukiona kosa liko kwenye ankara moja inayofunguka, unaweza kuichapisha, ukaifuta na kuiingiza upya kwa mkono kwenye nakala yako ya majaribio, kisha ukarudia Verify. Kazi hiyo ya dakika kumi huwa inaokoa faili zima.

Rebuild ni hatua nzito zaidi. Inapita faili lote, inatunga upya faharasa, inajaribu kuunganisha nyuzi zilizokatika. Shanga ambayo haijui pa kuiweka, inaitupa. Ndiyo bei yake: inaweza kufuta muamala ili vilivyobaki vikubaliane. Mwishoni itakuambia imekamilika, na wewe utafurahi kwa sababu programu inafunguka, na mauzo ya laki saba hayapo.

Kwa hiyo Rebuild hufanywa juu ya nakala, na kabla yake unatoa urari pamoja na mauzo ya kila mwezi kama ripoti bado zinatoka. Baada yake unatoa tena, unalinganisha. Verify ifanywe tena pia. Ikiwa bado inalalamika, Rebuild ya pili inaruhusiwa. Ya tatu sijawahi kuiona ikileta heri.

Kuna akiba nyingine ambayo watu wengi hawaifahamu. Ndani ya folda ya faili la kampuni, angalia kama kuna folda inayoitwa QuickBooksAutoDataRecovery. Matoleo mengi huweka humo nakala za .QBW na .TLG zenye kiishio .adr. Tengeneza folda mpya kwenye Desktop, weka humo .TLG yako ya sasa pamoja na .QBW.adr kutoka kwenye akiba, ondoa .adr mwishoni mwa jina, kisha ufungue. Programu itachukua nakala ya akiba na kuifikisha mbele kwa kutumia daftari la miamala. Pale ambapo uharibifu ni wa leo au jana, njia hii hurejesha karibu kila kitu. Kama uharibifu ni wa mwezi uliopita, akiba nayo imeshaumwa.

Ujumbe wa kuogopa kweli ni -6150 ikifuatiwa na -1006. Mara nyingine humaanisha faili limefungwa kwa virusi vya kudai fidia. Tazama mafaili mengine kwenye mashine: picha hazifunguki, nyaraka za Word zina viishio vya ajabu, kuna ujumbe wa kudai malipo. Chomoa kebo ya mtandao hapohapo, na usichomeke flashi ya bekapu kwenye mashine hiyo, maana nayo itafungwa.

Wanaotumia Tally, programu nyingine ya hesabu, ambao ni wengi sana Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, wana sura tofauti ya jambo hilohilo. Kampuni yao ni folda yenye jina la namba, tuseme 10000, yenye mafaili mengi kama Company na Manager ya viishio .900 au .1800 kulingana na toleo. Inapogoma kwa ujumbe wa memory access violation, mara nyingi kinachougua ni mafaili madogo ya .tsf yanayotunza hali ya mwisho ya kazi. Hayo ukiyahamishia pembeni hujitengeneza upya. Kwenye Tally.ERP 9, Ctrl+Alt+R huandika data upya. Kanuni ya nakala kwanza ni ileile.

Kurudisha kilichopotea

Huwa napenda swali moja liamue njia: bekapu safi ya mwisho ni ya lini? Safi maana yake umeirejesha kwenye folda mpya, bila kufunika faili lililopo, na Verify imeipitisha. Ikiwa ni ya siku tatu nne nyuma, rudi kwenye hiyo na uingize upya siku zilizokosekana. Faili litakuwa zima mpaka kwenye kiini. Ikiwa ni ya mwezi, karabati nakala na ulinganishe na ushahidi wa nje.

Huku kwetu ushahidi huo upo kuliko tunavyodhani. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, hutoa ripoti ya Z kila siku, yenye jumla ya mauzo na kodi yake. Kenya ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, zinakwenda kwa mamlaka ya mapato, KRA, kwa hiyo zina nakala nje ya duka. Kuna taarifa ya benki, kuna taarifa ya malipo ya simu, kuna vitabu vya kaboni vya kupokelea mzigo. Sheria za kodi Tanzania na Kenya zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na siku kama hii ndiyo unapoona mabunda yale yaliyofungwa kwa raba yanageuka kuwa bekapu ya kweli.

Tulifanya hivi. Kwenye flashi ya binti tulipata bekapu ya tarehe 13, siku tano kabla ya simu yake. Ilikuwa na uharibifu wa tarehe 26 ya mwezi uliotangulia, maana ilichukuliwa bila uhakiki kamili, lakini haikuwa imepitiwa na Rebuild. Tuliirejesha kwenye folda mpya, kwenye kompyuta nyingine yenye diski nzima. QBWIN.LOG ilitaja tarehe 26 kwenye kila mstari wa kosa. Rebuild mara moja, Verify ikapita. Ripoti ya mauzo iliyokuwa inaangusha programu ikatoka.

Kisha kazi ya macho. Mimi nilisoma ripoti za Z za mwezi mzima, siku baada ya siku, yeye akasoma QuickBooks. Tarehe 1 sawa. Tarehe 2 sawa. Tulikwenda hivyo mpaka tarehe 25. Nikasoma ya 26: 4,312,000. Kwake ilikuwa 3,604,000. Tofauti 708,000, ambayo ukiigawa inatoa 600,000 za bidhaa na 108,000 za VAT ya asilimia 18. Duka lingewasilisha ritani iliyopungukiwa laki moja na elfu nane, huku ripoti ya Z ya mashine yake ikionyesha kiasi kingine.

Usiku ule tuliingiza upya mauzo na manunuzi ya kuanzia tarehe 13 hadi 18 kutoka kwenye risiti na vitabu, na tukamaliza kesho yake baada ya adhuhuri. Tuliweka bekapu tatu kwa kupokezana, kila moja na tarehe yake kwenye jina, zote kwa uhakiki kamili, moja ikienda nyumbani kwa mwenye duka kila Ijumaa. Betri mpya ya UPS iliwekwa siku hiyohiyo.

Ankara iliyotupwa tuliipata kwenye kitabu cha kaboni cha stoo: mabati 24 kwa 25,000, sahihi ya dereva chini. Binti aliiingiza mwenyewe, akarudisha tarehe iwe 26, akaniomba nimsomee namba mara mbili. Alipoifungua tena ripoti ya siku ile, ilisoma 4,312,000.